Jibu: Barafu na hewa iliyo ndani yake havina umri mmoja

Ndugu, umeuliza kwa nini kipande kimoja cha barafu ya Antaktika kimeandikiwa umri wa aina mbili. Hapo hakuna kosa la uchapaji.

Theluji ikianguka haifungi hewa papo hapo. Hewa huendelea kupenya katikati ya chembe mpaka uzito wa theluji ya juu uishindilie yote iwe barafu. Pale Dome C, kituo kimoja cha kuchimba barafu huko Antaktika, viputo vya hewa hufungwa kwenye kina cha mita 100 hivi, na kwa kuwa theluji ya huko ni haba mno, kufika kina hicho huchukua maelfu ya miaka. Kwa hiyo hewa ni changa kuliko barafu iliyoizunguka. Ukisahau kurekebisha tofauti hiyo, utadhani kaboni dioksidi iliyo katika hewa hiyo ilipanda muda mrefu kabla ya joto.

Joto lenyewe husomwa kwenye maji ya barafu: kadiri hali ya hewa ilivyokuwa baridi, ndivyo oksijeni-18 (aina nzito ya oksijeni) inavyopungua, maana molekuli za maji zenye oksijeni hiyo nzito hudondoka mapema njiani.

Ili kupima kaboni dioksidi, kipande husagwa ndani ya ombwe (chombo kilichoondolewa hewa), bila kuyeyushwa. Barafu ya Greenland usiiamini kwa kipimo hiki; vumbi lake lina kaboneti (madini yenye kaboni), nayo hutengeneza gesi ya ziada humo humo.

Nguzo ya barafu iliyochimbwa Dome C inarudi nyuma miaka 800,000. Kwa kulinganisha, mabaki ya Homo sapiens (binadamu wa aina yetu) ya Jebel Irhoud, Moroko, yana umri wa miaka takriban 300,000 tu.