Tumbo la hedhi: dawa inywe mapema

Kila msichana anayeniuliza kuhusu tumbo la hedhi namwambia kwanza hili: dawa inywe mapema. Usingoje hadi umejikunja kitandani, jasho linakutoka na kichefuchefu kimepanda.

Hedhi inapokaribia, ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huufanya mfuko ujikaze ili utoe damu. Zikizidi, mkazo unakuwa mkali na uchungu unashuka hadi kiunoni na mapajani. Hizohizo ndizo zinazowaharisha wengi wetu siku ya kwanza. Ibuprofen, dawa ya kutuliza maumivu, huzuia kemikali hizo zisitengenezwe, ila haiwezi kuziondoa zilizokwisha kutengenezwa. Ndiyo maana mimi nikianza tu kuhisi kiuno kizito, au nikiona doa la kwanza, nakula kitu halafu nameza dozi iliyoandikwa kwenye pakiti, na nafuata saa zake hadi siku ya pili. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, au anayehisi ni mjamzito, azungumze na daktari kwanza.

Pamoja na dawa, joto. Chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, chini kidogo ya kitovu, hulegeza misuli kweli, na wala si mambo ya kizamani. Kutembea taratibu nako kunasaidia.

Kwangu mimi, siku zinazotangulia hedhi ni ngumu kuliko hedhi yenyewe. Matiti yanajaa, usingizi unakatika, na neno dogo tu linaniliza. Kilichonisaidia ni daftari. Kila usiku naandika mstari mmoja: hali ya moyo, mwili, usingizi. Fanya hivyo kwa mizunguko 2 au 3, utaona mpangilio. Dalili za kabla ya hedhi huja ndani ya wiki 1 au 2 za mwisho wa mzunguko, na hupungua damu ikishaanza. Huzuni inayokaa mwezi mzima ina chanzo kingine, nayo itafutiwe tiba yake. Tangu nijue siku zangu, mazungumzo mazito nayasogeza mbele, kahawa na chumvi napunguza, na nyumbani nawaambia mapema. Wananielewa.

Lakini kama siku hizo zinakufikisha mahali pa kukata tamaa ya kuishi, tafadhali usivumilie. Mwambie mtu leo, nenda kwa daktari. Hali hiyo inajulikana na ina dawa.

Nenda pia kama maumivu yanaongezeka mwaka hadi mwaka, yanakuja hata nje ya hedhi au wakati wa tendo la ndoa, au kama unalowanisha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo. Huenda ni uvimbe kwenye kizazi, au endometriosisi, yaani ugonjwa wa tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi kuota nje ya mfuko huo, ambao humpata takribani mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Mimi niliwahi kuambiwa na mhudumu mmoja, “Ukizaa yataisha,” nikarudishwa nyumbani bila hata kupimwa. Iliniuma sana. Ukijibiwa hivyo, tafuta daktari mwingine wa wanawake, umwekee daftari lako mezani: tarehe, siku ulizoshindwa kwenda kazini au shuleni, na dawa ulizokwisha kujaribu.