Wananicheka nikitaja bei

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni Msukuma, nimetoka Geita mwaka jana, nauza vitenge Kariakoo. Kisukuma hatutumii "r", kwa hiyo nikitaja bei inatoka "elfu ishilini". Wenzangu dukani wanairudia kwa sauti, wateja wanacheka, mwingine ananiuliza ng'ombe nimewaacha na nani. Sasa bosi kaniondoa mbele kaniweka stoo, na kamisheni ya mauzo sipati tena. Anasema wateja wa mjini hawanielewi. Siku hizi hata kwenye daladala naona bora ninyamaze. Nijilazimishe kuongea kama wao, au nirudi nyumbani?
Binti wa Geita, Tandika

JIBU: Marahaba mwanangu. Usirudi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ya pili nilikuwa na hasira.

Mimi Mzaramo wa Kisarawe, kwa hiyo mimi na wewe ni watani. Wazee wenu, Wasukuma na Wanyamwezi, walipita Uzaramo na mizigo ya pembe za ndovu wakishuka Pwani, na kupitana huko ndiko kulikozaa utani. Kwetu ukitokea msiba mtani anaingia bila hodi, anamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, na mfiwa hanuni. Lakini mtani huyohuyo utamkuta anachimba kaburi au anasonga ugali wa waombolezaji. Anayekutania ana wajibu kwako, na wewe una ruhusa ya kumrudishia.

Sasa mpime huyo mwenzako wa dukani. Siku moja mrudishie, kwa sauti ileile, mbele ya watu walewale. Akicheka, huyo mtani, endeleeni. Akinuna, basi alichokuwa anafanya ni dharau, na dharau mwambie wazi kwamba huitaki.

La bosi ni zito zaidi, kwa sababu limegusa riziki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila lake au mahali alikotoka. Kabla ya kufika huko lakini, ongea naye kibiashara. Wanaonunua kwa jumla Kariakoo wengi ni watu wa mikoani. Mama aliyeshuka na basi kutoka Kahama au Sengerema, ana pesa kwenye mkoba na hofu ya kuibiwa, ukimsalimia Kisukuma atakaa kwako. Mwombe bosi akupe wateja hao, na kamisheni yao iwe yako. Chagua asubuhi, duka halijachangamka, mkiwa wawili tu. Akikataa na mshahara ukaendelea kupungua, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usikae muda mrefu, maana malalamiko yana muda wake wa kufunguliwa. Andika tarehe aliyokuhamisha na maneno aliyokwambia.

Kuhusu kuongea: "r" ukitaka kujifunza jifunze, hakuna ubaya, nambari za bei zizoeze hata kwa kuimba ukiwa unakunja vitambaa. Jifunze kwa ajili ya kazi yako. Kwenye daladala ongea unavyoongea. Konda anataka nauli.

Tena nikwambie jambo linaloniuma mimi. Dar es Salaam ilianza kujengwa na Sultani Majid miaka ya 1860 kwenye ardhi ambayo Wazaramo na Washomvi walikuwa wakiishi tayari. Sisi ndio wenyeji, na humuhumu mjini tunaambiwa wavivu, tunapenda ngoma za mwali kuliko shule, tunauza viwanja vyetu tukahamia Chanika. Nimeambiwa hivyo usoni na mtu aliyekuwa ananihoji kwa ajili ya kazi. Mchaga anaambiwa anapenda pesa, Mhaya anajisifu, Mgogo ombaomba, Mkurya mgomvi. Kila mtu ana jina la kubandikwa, hata aliyezaliwa Ilala. Kwa hiyo usidhani siku utakayosema "ishirini" sawasawa ndiyo siku watakayoacha.

Kama bosi atakataa na hutaki kesi, pita maduka ya jumla yanayopakia mizigo ya Mwanza na Shinyanga, uulize kama wanahitaji muuzaji anayejua Kisukuma. Uliza kwa Kisukuma.