Mifuko 37 Nyuma ya Mlango

Juzi nilikuwa natafuta fagio nyuma ya mlango wa jikoni nikaangukiwa na mifuko. Nikakaa chini, nikaihesabu: 37. Yote ni ile laini inayofanana na kitambaa, inayouzwa kwenye kaunta za supamaketi. Na mimi ndiye ninayejigamba kwa wageni kwamba Kenya tulishamalizana na mifuko ya plastiki.

Marufuku yenyewe ilifanya kazi, nisiseme uongo. Kabla haijaanza Agosti 28, 2017, hapa Mombasa ukinunua kiberiti unatiliwa kwenye mfuko wa nailoni, na mkate juu ya nailoni yake unaongezewa nyingine. Kaskazi ikivuma, vifuko vinapanda juu ya mibuyu na kuning'inia kama popo. Ikaja faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, na supamaketi zikatii mara moja. Si ajabu: duka kubwa lina jina mlangoni na leseni ukutani, NEMA, mamlaka ya mazingira, wakija wanajua pa kubisha. Mkate na sukari zilibaki ndani ya plastiki zake kwa sababu hufungwa kiwandani.

Tatizo ni huu mfuko tuliopewa badala yake. Ukiutazama utasema kitambaa, kumbe ni nyuzi za polipropilini zilizogandishwa kwa joto. Plastiki tu. Mwaka 2019 NEMA walitaka kuupiga marufuku nao, mambo yakafika mahakamani. Ukiutumia hadi uchakae, sawa. Wangu ulikuwa na safari moja, kaunta hadi nyuma ya mlango, kwa sababu wa jana niliusahau nyumbani.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: usiitegemee kumbukumbu yako. Mamangu alikuwa na kikapu kimoja cha ukili, kimetundikwa msumarini juu ya viatu. Huwezi kuvaa viatu bila kukigusa na kichwa. Nami nimepigilia msumari wangu. Pia nimekunja mfuko mmoja imara kwenye mkoba wa kazini, maana mara nyingi naingia supamaketi nikishuka matatu, sijapanga.

Sasa samaki. Hapo ndipo marufuku huvuja, kwa maana zote mbili. Siku moja nilinunua changu wawili, nikafungiwa kwa gazeti, nikawatia kwenye mfuko wa supamaketi. Kufika kivuko cha Likoni gazeti limekuwa uji, na maji ya samaki yanadondoka kwenye viatu vya mzee aliyesimama kando yangu. Hakusema kitu. Alisogea tu, akanitazama, akasogea tena.

Safari iliyofuata nikamlalamikia mwenye samaki. Akaangaza huku na huku, akainama chini ya meza, akaibuka na kifuko chembamba cha nailoni. "Shika upesi, mwanangu, kabla hawajapita askari." Nilikichukua, nakiri. Vifuko hivyo vingi huvukishwa mpaka kwa magendo, na mchuuzi hana haja ya kuvificha kama sisi wanunuzi tumekuja na kitu cha kubebea.

Siku hizi naenda na mkebe wenye kifuniko, wa lita nne, uliokuwa na siagi. Samaki wanaparuliwa, wanaoshwa, wanaingia humo moja kwa moja. Mara ya kwanza nilicheka kwa haya, sasa yule mwenye samaki akiniona kwa mbali huita, "Bi Mkebe, leo kuna tafi!" Mkebe huohuo hubeba nyama, hata mbatata za karai na ukwaju wake.

Ile mifuko 37? Jirani yangu muuza mahamri amechukua 20 kwa ajili ya wateja wake. Jana jioni nilipita supamaketi kununua maziwa na sukari, mkoba wa kazini nimeuacha nyumbani na mfuko wangu ndani yake. Kijana wa kaunta akauliza, "Mfuko, mama?" Nikavua leso begani, nikafunga vitu vyangu fundo mbili, nikaondoka.