Kuonyesha folda zilizomo ndani ya folda

Ndugu yangu, umeeleza kwamba ukurasa unaoitengenezea ofisi ya uwakala wa forodha karibu na bandari ya Kilindini unaonyesha folda za mwaka na za meli, lakini za makontena, zilizo ngazi ya tatu, hazitokei. Sababu ni kwamba umeandika kitanzi (loop, yaani amri inayorudiwa kwa kila kitu kilicho kwenye orodha) ndani ya kitanzi, na vitanzi viwili haviwezi kushuka zaidi ya ngazi mbili.

Andika komponenti moja, yaani kipande cha msimbo kinachojitegemea, inayochora folda moja, kisha ijiite yenyewe kwa kila folda iliyomo ndani yake, na ikikuta faili iandike jina tu na kuishia hapo. Kwa njia hiyo mwaka, meli, kontena na ankara iliyo chini yake vitachorwa na msimbo uleule, hata karani akiongeza ngazi ya saba kesho. Kila folda ipewe kitambulisho chake cha pekee. Usitegemee jina, kwa kuwa folda ya «Ankara» itajirudia chini ya kila kontena, na ukifungua moja zitafunguka zote.

Nakusihi pia usipakue mti mzima wa folda kwa mkupuo, bali ulete yaliyomo pale tu mtu anapobofya folda.

Tena, wapo wanaotumia kibodi peke yake au kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini. HTML ina tagi za details (sehemu inayofunguka na kufungwa) na summary (kichwa chake cha kubofya), ambazo hufunguka kwa Enter bila JavaScript yoyote, nami ningeanzia hapo. Ukijenga mti wako mwenyewe, weka aria-expanded, sifa inayokiambia kisoma skrini kama folda iko wazi au imefungwa, kwenye kila folda, mshale wa kulia uifungue na wa kushoto uifunge.