Re: Lupin ni kali kweli au watu wanaikuza tu?

Mkuu umeuliza kama Lupin, ile tamthilia ya Kifaransa ya Netflix, ni kali kweli maana jamaa yako kakwambia ni uongo mtupu. Mi nakwambia iangalie. Ilipotoka Januari 2021 wachambuzi wengi waliisifia, hasa mwigizaji mkuu Omar Sy, mpaka akatajwa kuwania tuzo ya Golden Globe. Walioiponda walisema stori ina matobo, mtu mrefu vile anabandika ndevu na miwani halafu polisi hawamjui, na hapo hawajakosea, hata mi niliguna. Ila hii siyo ya upelelezi wa kukunja sura, ni ya mwizi mjanja, raha yake ni kuona anavyowazunguka.

Tuliiangalia kwa mamdogo Shangani hapa Mtwara, yeye anamenya zake korosho hana habari na tivii, ilipofika pale Assane, yule mwizi anayeigizwa na Omar Sy, anaingia makumbusho ya Louvre kule Paris na nguo za usafi na walinzi wanampita kama ukuta, mikono ikasimama, akasema "mfagiaji nani anamuangalia usoni?" Hapo ndo penyewe mkuu, mtoto wa mhamiaji wa Senegal anaiba kwa sababu wanamdharau, hiyo ilinigusa kuliko mkufu wenyewe anaouiba.

Kitu kimoja tu, awamu ya kwanza ni episodi tano na inakatikia pabaya, watu walilalamika sana mpaka ya pili ilipokuja Juni, kwa hiyo shusha zote mbili kabisa. Na iweke kwa Kifaransa usome maandishi ya chini, ile ya Kiingereza midomo haiendani na sauti.