Wekeni Kona 57 za Matamba Kwenye Gemu

Swali lenu la wiki hii lilisema hivi: ukipewa nafasi ya kuchagua barabara moja ya Tanzania iingizwe kwenye gemu la magari linalochezwa dunia nzima, ungechagua ipi, na ungeiendesha na gari gani? Mimi jibu ninalo tangu zamani. Nataka barabara ya kutoka Chimala kupanda Matamba, ile ya kona hamsini na saba, kisha iendelee mpaka uwanda wa Kitulo.

Kwa wasiopafahamu, Chimala ni mji mdogo wilayani Mbarali, kwenye barabara kuu ya Zambia, ukiwa umeshapita Makambako unaitafuta Mbeya. Upande mmoja ni Bonde la Usangu, joto na mashamba ya mpunga. Upande wa pili mlima umesimama wima, na ukiutazama kutoka stendi huamini kama gari linaweza kupita pale. Linapita. Barabara inajikunja na kujikunja, ndiyo maana watu wakaiita Hamsini na Saba. Ukimaliza kupanda uko Makete, Mkoa wa Njombe, na kama hukubeba sweta utalitafuta.

Hapa Mbeya nikilitupa swali hili kwenye banda la gemu, wengi wanajibu Kitonga, ule mteremko wa Iringa kwenye barabara kuu ya Dar. Naelewa kwa nini, maana kila aliyepanda basi la Dar anaijua Kitonga. Lakini Kitonga naikataa kabisa. Pale ni njia ya malori ya mafuta na makontena ya Tunduma, na zipo familia zilizopoteza watu wao kwenye ule mteremko. Sitaki mtoto ashike pedi ya gemu ashangilie kulipita lori la mafuta kwenye kona ya Kitonga, hata kama ni kwenye skrini. Isitoshe ni lami, na barabara za lami zenye kona za milimani magemu yanazo tele.

Sababu yangu kubwa ni hii. Afrika ya kwenye magemu ya magari ni moja tu: tambarare, vumbi jekundu, mti wa mgunga na twiga pembeni. Colin McRae Rally 2.0 ya mwaka 2000 ilituwekea Kenya, na tulifurahi, hasa kwa kuwa McRae mwenyewe, yule dereva wa rali, alishinda Safari Rally mara tatu, 1997, 1999 na 2002. WRC 9 ikairudisha Kenya mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya Safari yenyewe kurudi kwenye ubingwa wa dunia kule Naivasha. Nazipenda zote mbili. Ila ukizichanganya unapata picha ile ile. Forza Horizon ndiyo hata haikufika: wameanza na Colorado, wakaenda Ufaransa na Italia, Australia, Uingereza, Mexico. Michezo mitano ya mwanzo, na bara zima wameliruka.

Sasa mpe mchezaji wa Finland au Brazil Hamsini na Saba. Anaanzia kwenye joto la mpunga. Katikati ya kona ukungu unaanza kushuka. Akifika Kitulo, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari, hakuna mgunga wala twiga. Kuna nyasi na vilima vya mviringo mpaka unapoishia uwezo wa macho, na kama gemu imewekwa mwezi wa saba, asubuhi nyasi hizo zimeganda barafu. Akibadilisha msimu aweke masika, uwanda wote umechanua maua. Ndiyo ile Hifadhi ya Taifa ya Kitulo iliyotangazwa mwaka 2005, ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu, yenye aina zaidi ya 40 za okidi. Wakitaka mnyama wa kuweka, misitu ya hifadhi hiyo ina kima aitwaye kipunji, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka huo huo wa 2005. Nani mwingine duniani ana barabara yenye kipunji?

Forza Horizon 4 ilikuwa inabadilisha msimu kila wiki, na tope la vuli lilikuwa na uzito wake kwenye usukani. Teknolojia ipo basi. Nataka tope la masika la Makete litengenezwe kwa uangalifu ule ule, kwa sababu ni tope la namna yake. Gari halitelezi tu, linashikwa, linaachiwa, halafu linashikwa tena pale usipotegemea.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa mashindano ya milimani watalielewa haraka. Pikes Peak, kule Colorado, ni mbio za kupanda mlima zenye kona 156 katika kilomita 20 hivi, zinaanzia mita 2,862 na kuishia mita 4,302. Hewa inavyopungua ndivyo injini inavyokosa pumzi. Mwaka 2018 Romain Dumas aliweka rekodi ya dakika 7 na sekunde 57 kwa gari la umeme la Volkswagen, kwa sababu mota ya umeme haihitaji hewa ya kuchomea mafuta. Wengi wetu Pikes Peak tuliijua kupitia gemu la Gran Turismo 2. Hamsini na Saba nayo ina somo hilo hilo la hewa. Injini isiyo na turbo ikitoka Usangu mpaka Kitulo inapoteza nguvu unayoisikia kabisa mguuni: gia ya tatu uliyoizoea kule chini, huku juu inakataa. Gemu ikiiweka tofauti hiyo sawasawa, mchezaji atalazimika kufikiri gari lake lifungwe vipi kabla hajaondoka.

Kitu ninachokitamani kuliko vyote ni sauti. Kwenye rali kuna msoma ramani anayemtajia dereva kona zinazokuja, na kwenye magemu sauti hiyo huwa ya Mwingereza mtulivu. Kwetu kazi hiyo inafanywa na utingo. Mtazameni utingo wa lori la viazi linaloshuka Matamba: ananing'inia mlangoni, anaangalia tairi la nyuma limebakiza kiasi gani kabla ya korongo, anapiga bodi kwa kiganja, mara moja simama, mara mbili twende. Anaruka chini na kabari yake kabla lori halijatulia. Ule ni utaalamu. Nataka msoma ramani wa gemu hii aongee Kiswahili chenye lafudhi ya huku: "Kushoto kali, usikate ndani, kuna mfereji! Kulia, kulia, ongeza! Haya, ndaga!" Ndaga ni asante kwa Kinyakyusa. Na mchezaji ajue kwamba bodi ikipigwa mara moja, anasimama.

Kwa muziki sitaumaliza muda wenu. Mbeya imetoa Sugu tangu Bongo Fleva ikiwa changa, ikamtoa Rayvanny aliyechukua tuzo ya BET mwaka 2017. Redio ya gemu ikikosa hao wawili itakuwa imeonea mji.

Nije kwenye gari. Najua wasomaji wengi watataja Subaru Impreza, na kama ni kupanda tu sibishani nao. Mimi kwa kupanda ningechukua Toyota Celica iliyoshinda Safari miaka mitatu mfululizo, 1984 hadi 1986, yenye taa kubwa mbele na ngao ya kugongea vichaka. Mbio hizo zilipoanza mwaka 1953 zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa hiyo gari la Safari kwenye mlima wetu linakuwa limerudi nyumbani.

Lakini mbio zenyewe hasa ni za kushuka, na kushuka nachagua lori la Fuso. Nataka lishushwe kutoka Matamba mpaka Chimala likiwa na viazi, magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kiasi, yamefungwa kamba. Kwenye kushuka, anayekanyaga breki muda wote ndiye anayepotea, kwa sababu breki zinachemka na kona ya ishirini hazishiki tena. Gia ya kupandia ndiyo ya kushukia, madereva wa huku wanakwambia hivyo, na gemu iwalazimishe wachezaji kuitii: moshi uonekane kwenye matairi, kanyagio lizame, usukani uwe mzito. Mshindi asiwe aliyefika wa kwanza tu. Kila gunia linalodondoka njiani, aongezewe sekunde 10.