Maswali na majibu: mtandao wa kijiji, mlingoti hadi betri

Wanaojenga mitandao ya jamii isiyotumia waya hutuuliza sana redio ya kununua, yaani kifaa cha kurusha na kupokea mtandao hewani. Redio ni muhimu, lakini matatizo mengi tunayoyaona yamelala kwenye miti, kebo na umeme, na majibu ya leo yanaegemea huko.

Tumeunganisha shule na zahanati, kilomita 4, kwa gigahezi 5.8. Ukipanda mlingoti zahanati unaiona vizuri, lakini mawimbi ni dBm −78 (kipimo cha nguvu ya mawimbi: kadiri namba inavyozidi kushuka chini ya sifuri, ndivyo yanavyokuwa dhaifu) na kasi inapanda na kushuka. Tumekosea wapi? (Kikundi cha vijana, Kilifi)

Kuonana kwa macho hakutoshi. Mawimbi hayaendi kama uzi uliovutwa. Yanatanuka katikati ya safari mithili ya boga refu, na boga hilo ndilo eneo la Fresnel. Kwa umbali na masafa yenu, katikati ya njia linafika mita 7.2 kutoka kwenye mstari wa kati, kila upande. Angalau asilimia 60 ya hizo, yaani mita 4.3, lazima ziwe wazi. Mwembe ambao kilele chake kiko mita 2 chini ya mstari hauwazuii kuona, lakini umeshaingia njiani, na majani yake yamejaa maji, ambayo humeza masafa haya. Ongezeni urefu wa mlingoti, au zungumzeni na mwenye mwembe. Kupandisha nguvu ya redio si dawa.

Ila kabla ya kuulaumu mwembe, pigeni hesabu. Katika kilomita 4, hewani hupotea desibeli 120 za nguvu ya mawimbi. Redio ikitoa dBm 13, na kila upande una dishi la dBi 23 (kiasi ambacho dishi linakusanya mawimbi upande mmoja), mnatarajia 13 + 23 − 120 + 23 = −61. Nyinyi mna −78. Desibeli 17 zimepotea. Pengo kubwa hivyo mara nyingi linatokana na dishi lililolengwa kwa mwale wa pembeni, yaani mwale mdogo dhaifu ulio kando ya mwale mkuu: fundi amekutana na kilele kidogo, akafurahi, akakaza nati. Legezeni dishi la upande mmoja, mlizungushe polepole kulia hadi mawimbi yafifie kabisa, kisha mrudi kushoto mkiandika namba kila hatua. Mkipata vilele vitatu, cha katikati ndicho chenyewe. Fanyeni hivyo hivyo juu na chini, na upande wa pili usiguswe hadi huu umalizike.

Redio ya mnarani inajizima na kuwaka yenyewe, hasa jioni watumiaji wakiwa wengi. Tumeshabadilisha redio mara mbili. (Msomaji, Tanga)

Redio mmeionea, angalieni kebo. Kwaruza uzi mmoja wa ndani kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, mmeuziwa alumini iliyopakwa shaba. Redio ya wati 8 inayolishwa kwa volti 24 kupitia mita 100 za shaba halisi hupoteza kama volti 3 njiani. Alumini hupoteza 5 au zaidi, na jioni redio ikifanya kazi nyingi inavuta umeme zaidi, volti zinashuka, inajizima. Nunueni kebo ya shaba tupu yenye ganda jeusi la kuhimili jua. Kabla haijaingia kwenye redio au dirishani, iachieni kitanzi kining'inie chini ili maji ya mvua yadondokee hapo. Chomoeni na plagi muikague: pini zikiwa na ukijani, chumvi ya bahari imeshaingia. Kateni, mfunge plagi mpya, mzibe kwa utepe wa mpira unaojishika.

Tahadhari moja: adapta za PoE (zinazopitisha umeme kwenye kebo ya mtandao) za volti 24 na za 48 zinafanana sana. Ukichomeka ya 48 kwenye redio ya 24, huenda ukaiunguza papo hapo. Ziandikeni kwa kalamu isiyofutika.

Kwa nini tusitumie mesh (vifaa vinavyopokezana mtandao nyumba hadi nyumba) kila nyumba, tuachane na milingoti? (Nairobi)

Kifaa chenye redio moja hupokea na kutuma kwa zamu, hivyo kila mruko, yaani hatua kutoka kifaa hadi kifaa, hupunguza kasi karibu nusu. Ukianza na megabiti 40, baada ya miruko mitatu umebaki na kama 5. Mesh iwe ya nyumba za jirani, mruko mmoja au miwili. Umbali mrefu uachiwe madishi.

Sola kiasi gani inatosha kituo cha redio mbili na ruta? (Kondoa)

Redio mbili za wati 8 na ruta ya wati 4 ni wati 20. Kwa saa 24 ni wati-saa 480. Ongeza upotevu, iwe 580. Msimu wa mawingu hesabu saa 4 za jua kamili: 580 ukigawa kwa 4 ni 145, hivyo kwa ziada chukueni paneli ya wati 200. Betri ya kubeba siku 2 bila jua, ikiwa ya risasi na asidi, ni ya volti 12, Ah (ampea-saa) 200, kwa sababu hairuhusiwi kushuka chini ya nusu. Ya lithiamu fosfeti, Ah 120 inatosha. Msiweke inveta: yenyewe inakula umeme usiku kucha. Tumieni kifaa cha kupandisha volti 12 kwenda 24 moja kwa moja.

Masafa ni ya bure, leseni ya nini?

Kutumia masafa ni jambo moja, kuuza au kugawa huduma ni jingine. Kenya, tangu 2021, Mamlaka ya Mawasiliano ina daraja la leseni mahususi kwa mitandao ya jamii. Tanzania, anzeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, kabla ya kusimamisha mlingoti.

Tuna megabiti 20 kwa kaya 30. Mmoja akipakua filamu, wote tunakwama.

Wekeni OpenWrt (programu huria ya kuendesha ruta) kwenye ruta kuu, muwashe SQM, sehemu yake ya kusimamia foleni, kwa kuchagua CAKE, mbinu ya kugawa kasi kwa haki. Pimeni kasi halisi alfajiri. Ikiwa 20, andikeni 18, ili foleni ijengeke kwenye ruta yenu na si kwa mtoa huduma msikoifikia. Washeni mgawanyo kwa kila anwani pamoja na chaguo la nat, linaloiwezesha CAKE kutambua anwani za ndani zilizofichwa nyuma ya anwani moja ya ruta. Bila hilo CAKE inaona anwani moja tu, na mwenye filamu anaendelea kutamba. Kila kaya ikiwa na ruta yake, itahesabiwa kama mtumiaji mmoja hata ikiwa na simu kumi.